Sema Kwanza la Mwenzako

*Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunguliwa kwa ukumbi mpya wa shule yetu*

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu, Mwalimu Mkuu, mlezi wetu sote, walimu wetu, wajumbe wa bodi ya shule, mama zetu na baba zetu mlioacha kazi zenu mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi wenzetu mnaosukumana kule nyuma mkigombania dirisha: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Sisi ni Klabu ya Mdahalo. Kati ya vikundi vyote vya shule, wanakwaya wakiwemo, na wachezaji wenye jezi mpya wakiwemo, sisi ndio tuliopewa nafasi ya kuzungumza nawe leo, na tangu tuambiwe hatujatulia. Kuna wenzetu hapa asubuhi hawakuweza hata kumeza chai. Mwalimu Mkuu alituagiza risala isizidi kurasa mbili, na kweli haizidi, ila mwandiko wa katibu wetu ni mdogo kama wa mganga wa hospitali, na katibu ndiye anayesoma. Kwa hiyo tunaomba uvute kiti vizuri.

KARIBU KWETU

Karibu, Mgeni rasmi, karibu tena. Ukumbi huu tumeusubiri mpaka baadhi ya kaka zetu na dada zetu wamemaliza shule wakiwa bado wanausubiri. Tangu rangi ikauke tumekuwa tukipenya humu mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Unapanda jukwaani, unasema neno lolote, hata "ugali" au "jiometri", na sauti inakwenda mpaka ukuta wa nyuma na kukurudia ikiwa imenenepa. Mlinzi ametufukuza mara nyingi, na tunamwomba radhi hadharani.

Tazama pia mapazia. Yameshonwa na mama mmoja ambaye binti yake ni mwanachama wetu, na bomba la maji pale uani, ambalo sasa halivuji, limetengenezwa na baba mmoja ambaye kijana wake ni mwanachama wetu vilevile. Wote wawili wamekaa mstari wa mbele. Tutafika kwao, usiwe na wasiwasi, na wao pia wanajua tutafika.

TULIKOTOKA

Klabu yetu ilianzia karakana ya useremala, katikati ya meza zisizo na miguu na miguu isiyo na meza. Madirisha yake hayana vioo mpaka leo. Aliyetuanzisha ni mwalimu wetu wa Uraia, ambaye jina lake la shuleni ni Mwalimu Kengele.

Jina hilo lilikuja hivi. Zamani alikuwa na baiskeli. Siku moja kengele ya baiskeli ilifunguka njiani, akaitia mfukoni akisema ataifunga kesho. Usiku huohuo baiskeli ikaibiwa. Mtu mwingine angelia, yeye alikuja darasani, akaiweka kengele mezani, akasema mwizi amechukua chuma, sauti ameiacha. Tangu siku hiyo kengele ile ndiyo inayotuanzishia mdahalo na kutumalizia, na msemaji akipitiliza anapigiwa *krring* hata kama ni mtoto wa nani.

Kanuni zetu ni tatu, tunazieleza kwa sababu bila hizo hutaelewa yaliyotupata. Ya kwanza, upande wako unatolewa kwa kura ya vijiti. Kirefu unaunga mkono hoja, kifupi unaipinga, na kulalamika hakuruhusiwi. Ya pili ndiyo inayotutoa jasho. Huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka wewe mwenyewe umeisema hoja yake, kwa maneno yako, na yeye akaridhika na kusema, "Ndivyo." Asiporidhika anasema, "Sivyo," na wewe unaanza upya, watu wote wakikutazama. Ya tatu tunaiita kufunga moyo. Kabla ya kengele ya mwisho ya mdahalo humwambii mtu yeyote wewe mwenyewe unaamini nini, hata mama aliyekuzaa. Mwalimu alisema ukishautangaza moyo wako mapema, masikio yanaziba.

Hii ya tatu, Mgeni rasmi, tunaomba uishikilie kidogo, tutairudia.

TULIYOYAPATA

Hapa tunaomba ruhusa ya kujisifu, maana mcheza kwao hutunzwa. Mwaka jana tuliishinda ile shule kubwa ya kule juu. Walikuja wamevaa tai, na kila mmoja chupa yake ya maji yenye jina lake. Sisi tulikuwa na ndoo moja na kikombe kimoja. Msemaji wetu siku hiyo alikuwa binti wa mama wa mapazia, ambaye tunamwita Wakili kwa sababu akianza kusema hata muuza karanga anaacha kuhesabu chenji. Aliichukua hoja ya mpinzani wake akaisema vizuri kuliko mwenyewe alivyoisema. Yule kijana wa tai badala ya kujibu "Ndivyo" akajibu "Asante," na ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka pia. Hapo ndipo tuliposhinda.

Lakini ushindi mkubwa uko huku nyumbani. Wawili wa kidato cha pili waligombania dawati mpaka shati likachanika. Kiranja, ambaye ni mwanachama wetu, akawalazimisha kila mmoja aseme kwanza la mwenzake. Mpaka walipofikishana kwenye "Ndivyo", mmoja alikuwa amejua kwamba mwenzake haoni ubaoni akikaa nyuma, na dawati likaenda kwake bila kofi. Siku hizi hata walimu wanalitumia neno lile ofisini kwao, tumewasikia kupitia ukutani, na hatutataja lilitumika katika jambo gani.

CHANGAMOTO

Mwalimu Mkuu alisema changamoto zisizidi tatu. Sisi tunayo moja.

Mgeni rasmi, kila Jumatano ratiba yetu ina kipindi kinachoitwa Dini. Kengele ya shule ikigongwa, Waislamu wanakwenda chumba cha karibu na geti, ustadhi anawasubiri. Wakristo wanakwenda chumba kikubwa, mwinjilisti anawasubiri. Wanabaki wachache. Kuna ambao dini yao haina mwalimu hapa shuleni, na kuna ambao wazazi wao wamesema dini itafundishwa nyumbani, shule ifundishe hesabu. Hao, ili wasizurure, hupewa mafagio wakafagie uwanja. Hakuna aliyepanga kuwaadhibu. Ilianza tu hivyo, na jambo likishaanza shuleni huwa halina mwenyewe wa kulisimamisha. Basi sisi watoto, kwa utundu wetu, tukawapa jina: Dhehebu la Ufagio. Kijana wa fundi bomba ndiye askofu wao, na jina lake kwetu ni Ufagio. Alilipokea kwa kicheko, na tulidhani kicheko ndicho kila kitu.

Ukaja waraka kwamba bodi inataka maoni: je, kipindi cha dini kibaki katika shule za umma, au kiondolewe? Jamani, mtaa uliwaka. Wakubwa waligawanyika saluni, dukani, kwenye foleni ya maji. Waliosema kibaki waliambiwa wanataka kuigeuza shule nyumba ya ibada. Waliosema kiondoke waliambiwa wanataka kulea wahuni. Ndugu wa tumbo moja walinuniana. Tulisikiliza kila upande, na hatukumsikia mtu hata mmoja akijibu kile mwenzake alichokisema. Mikono ikatuwasha. Tukamwendea Mwalimu Kengele tukamwomba hoja hiyo iwe yetu.

Hakukubali upesi. Alizunguka karakana, akapanga misumari isiyohitaji kupangwa, kisha akasema, "Sufuria hii ina moto. Mkiishika, ishikeni kwa kitambaa." Kitambaa ni zile kanuni tatu. Tukavuta vijiti. Wakili akapata kirefu: aunge mkono kwamba kipindi cha dini kiondolewe. Ufagio akapata kifupi: apinge, atetee kwamba kibaki.

Na kwetu huwezi kutetea usichokijua. Wakili aliomba ruhusa kwa ustadhi, akachukua fagio, Jumatano nzima akafagia uwanja pamoja na Dhehebu la Ufagio. Naye Ufagio Jumatano hiyohiyo akaketi nusu ya kipindi kwa ustadhi na nusu kwa mwinjilisti, huku na huku akipokelewa kama mgeni wa harusi. Wakirudi karakana wanafundishana. Ufagio anamwambia Wakili, hapana, hujafika, anayefagia hajisikii hivyo, jaribu tena. Na Wakili anamwambia Ufagio, hapana, hujajua kwa nini tunakipenda kile chumba, keti nikueleze. Tuliwatazama tukasema Ijumaa ya mdahalo itakuwa moto wa kuotea mbali.

Jumanne iliyofuata wakafanya mazoezi. Sasa sikiliza bahati yetu. Mama Wakili alikuwa amekuja na furushi la sweta za kidato cha kwanza, akapita upande wa mashariki wa karakana. Baba Ufagio alikuwa upande wa magharibi, amelala chali chini ya lile bomba. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake lisilo na kioo, na hawakuonana. Mama akamsikia binti yake, mtoto aliyemfundisha mwenyewe kusali kabla hajajua kufunga viatu, akisema kwa sauti ile ya ushindi: "Sala yangu ni ya kwetu nyumbani. Sihitaji serikali inishike mkono kunipeleka kwa Mungu." Na hakupita muda, baba akamsikia kijana wake akisema: "Msitunyang'anye saa moja kwa wiki ya kuulizana tumetoka wapi na tunakwenda kwa nani."

Sweta zilianguka, na spana pia.

Nyumbani wote wawili waliulizwa. Wakili alieleza habari ya vijiti, na mama akaelewa vizuri kabisa. Ndipo akauliza swali ambalo mama yeyote angeliuliza: sawa, hiyo ni kura, na wewe mwenyewe mwanangu unaamini nini? Wakili, mwanachama mwaminifu, akakumbuka kanuni ya tatu. Akasema, "Siwezi kukwambia mpaka Ijumaa, mama." Kule kwa fundi bomba mambo yalikuwa yaleyale. Baba aliuliza, kijana akafunga moyo, tena akajisifu kwamba ameufunga. Hakuna watoto wengine duniani ambao wangefanya kosa la namna hiyo, Mgeni rasmi. Tulikuwa tumefundishwa kusema la kila mtu, na mtu wa kwanza aliyetaka kujua letu tukamfungia mlango, tukadhani ni nidhamu.

Kesho yake mama akasikia kwamba binti yake aliacha kipindi cha dini akaenda kufagia. Baba akasikia kwamba kijana wake aliacha kufagia akaenda kwenye dini, tena mbili. Wote wakaja kwa Mwalimu Mkuu siku moja. Mmoja alisema Mwalimu Kengele anawatoa watoto kwenye dini. Mwingine alisema Mwalimu Kengele anawaingiza watoto kwenye dini. Mwalimu mmoja, makosa mawili yanayogombana yenyewe kwa yenyewe, na yote yakaandikwa kwenye jalada moja.

Kikao cha wazazi kilifanyika chumba cha kidato cha nne, sisi tukiwa nje chini ya madirisha. Wazazi mliopo mnajua kilivyokwenda, hatuwasimangi. Mwishoni mjumbe mmoja alimtaka mwalimu ajibu jambo moja tu, yaishe: watoto hawa wawili, mioyoni mwao wanaamini nini? Kama angejibu, angalau upande mmoja ungemtetea. Mwalimu alisema hajui, na angejua asingesema. "Moyo wa mtoto," alisema, "si mlango wangu kuufungua." Wakasema ana jeuri. Mdahalo wa Ijumaa ukafutwa, klabu ikasimamishwa kufanya midahalo, na yeye akaondolewa darasani kupisha uchunguzi. Wakati wa kukusanya vitu vyake alimkabidhi katibu wetu kengele, akasema tuipanguse vumbi, basi. Tumeambiwa uamuzi wa kumrudisha au kumhamisha mbali na hapa uko mezani kwako, na kwamba utatoka kabla muhula haujaisha.

Tulilia, tunasema wazi. Wakili hakuongea siku kadhaa, na ukimjua utaelewa ni msiba wa namna gani. Kisha Ufagio akasema jambo la kawaida sana, kwamba hatujawahi kusema la wazazi wetu. Tumesema la serikali, la ustadhi, la mwinjilisti, la yule kijana mwenye tai, la fagio. La mama na baba hatujalisema.

Basi Wakili akaenda akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani, sisi wachache tukasimama mlangoni. Akamwambia mama yake: umekasirika kwa sababu nilisema vibaya juu ya dini yetu. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, akasema, "Sivyo." Tulishtuka kwamba anaijua kanuni, kumbe amekuwa akisikia mazoezi ya binti yake jikoni miaka yote. Wakili akaanza upya: umekasirika kwa sababu mwalimu alituachia jambo zito kama hili bila kuwauliza ninyi. Mama akasema hilo lipo, lakini bado sivyo. Cherehani ikaendelea kidogo. Wakili akafikiri, kisha akasema polepole, "Uliumia kwa sababu ulinisikia nikisema maneno yale vizuri sana, ukajiuliza yamekaa ndani yangu tangu lini, na kwa nini wewe hukujua."

Mama akasimamisha cherehani.

"Ndivyo," akasema.

Tulidhani sasa atauliza tena lile swali, na Wakili alikuwa tayari kuvunja kanuni, midomo ilishafunguka. Mama akamzuia kwa kiganja. Akasema, "Usiniambie. Umeshalisema langu, sasa naweza kungoja. Nitasikia Ijumaa yenu ikifika." Kisha akatuuliza tumekula, maana ndivyo mama wote wanavyofunga kikao.

Kwa fundi bomba ilikuwa fupi, na ngumu zaidi. Ufagio alikisia mara nyingi, akakosa, tukaona tumeshindwa. Mwishowe akasema, "Baba, uliogopa kwamba nimechoka kufagia." Yule baba, ambaye tumemwona akibeba mabomba ya chuma begani kama miwa, akageukia ukuta. Akatuambia kwa kigugumizi kwamba yeye anaamini anachoamini, na hakibadilishi, lakini kila Jumatano akiwa kazini anajua kuna mtoto anashika ufagio kwa ajili ya imani ya baba yake. Alipomsikia dirishani akisifu kile chumba, aliwaza: mwanangu ameuza yetu ili apate mahali pa kukaa. Akasema, "Ndivyo, mwanangu. Ndivyo kabisa." Hapo ndipo tulipojua kicheko cha Ufagio kilikuwa kinafunika nini, na jina la Dhehebu la Ufagio tumelizika. Yeye mwenyewe amekataa lisizikwe, anasema amelizoea, lakini sisi tumelizika.

Wazee hawa wawili kesho yake wakakutana dukani. Kila mmoja akajaribu kusema la mwenzake. Muuza duka anasema walianza kwa "Sivyo" nyingi mpaka akataka kufunga, na wakaondoka wakicheka. Hawajakubaliana, Mgeni rasmi. Mama bado anaona mambo yake na baba bado anaona yake. Ila mama ameshona mapazia haya, na baba ametundika fimbo zake.

TUNAYOYAOMBA

Hatukuombi leo uamue kama dini ibaki shuleni au iondoke. Hilo wakubwa mtalimaliza, na sisi tunayo mengi ya kuwapa kila upande, mkituhitaji mtatukuta karakana.

Tunaomba, wakati mnaamua, wale wa uwanjani wapewe chumba, kiti na mtu wa kuzungumza nao. Uwanja tutaufagia sote kwa zamu, hata wanakwaya, ambao tayari wananung'unika pale kushoto.

Tunaomba wazazi waalikwe kwenye mazoezi yetu, wakae ndani. Dirishani mtu husikia nusu. Na kanuni ya tatu tumeirekebisha wenyewe: moyo utafungwa kwa watu wote, isipokuwa mzazi akiuliza, mtoto atamjibu kwanza kwa kusema, nakuona umeingiwa na hofu, tuketi. Baada ya hapo mzazi ndiye ataamua kama anataka kungoja.

Tunaomba mdahalo ule uliofutwa ufanyike ndani ya ukumbi huu, uwe wa kwanza kabisa. Wakili na Ufagio bado wanavyo vijiti vyao. Mama na baba wameshachagua viti, ni hivihivi walivyokalia, na wote wawili bado wanangoja jibu la swali lao. Jibu hilo, kwa kanuni, linatoka baada ya kengele ya mwisho tu.

Na kengele, kwetu, ina mpigaji mmoja.

KUAGANA

Mgeni rasmi, wengi wetu hatujawahi kufika ofisini kwako, lakini mmoja wetu alitumwa huko na dada yake kuchukua cheti, akarudi mbio kutupa habari. Anasema ukipanda ngazi, kabla ya mlango wako, kulia kuna benchi. Kila siku ya kazi kuna mtu amekaa pale, kwa sababu barua yake inasema aripoti, na haikusema afanye nini. Ana shati la mistari na kalamu mbili mfukoni. Akipita mtu anasimama kidogo kumpisha. Huenda mmekuwa mkisalimiana asubuhi bila wewe kujua ni nani. Ni yeye.

Hapo mezani mbele yako, kando ya chupa ya maji, tumeweka kengele ya baiskeli. Tumeipangusa vumbi kama tulivyoagizwa. Leo tumesoma bila yeye kutupigia, ndiyo maana tumepitiliza, na tunaomba radhi kwa Mwalimu Mkuu na kurasa zake mbili.

Tunaomba uichukue. Kesho asubuhi ukimkuta pale, keti kidogo kwenye benchi lile, umwambie kwa maneno yako mwenyewe alifanya nini na kwa nini alinyamaza kwenye kikao. Akikuambia, "Sivyo," usichoke, jaribu tena, hata sisi hakutuchoka. Siku atakapokuambia, "Ndivyo," mkabidhi kengele yake, kisha uamue unavyoona ni haki. Sisi tutakubali.

Tunakutakia afya, safari njema na kazi yenye heri. Wanaosema Amina waseme Amina, wanaosema Amin waseme Amin, na wanaofagia siku ya Jumatano watusaidie kwa makofi, wote kwa pamoja, tuusikie ukuta wa nyuma ukitujibu.

Ni sisi watoto wenu,
Klabu ya Mdahalo,
tuliofunga mioyo mpaka kengele ipigwe.